Kituo cha kanisa kilinyoosha miguu ya mwanangu, nyumbani tukaipinda tena

Bwana Kolo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha tangu mfungo wa mwaka jana. Nikianza naona aibu, nafuta. Juzi kwenye kundi la familia binti wa binamu yangu kaweka picha ya kichanga chake, nyayo zimegeukia ndani kama za mwanangu, na shangazi mmoja kaandika chini yake: "Msihangaike, itanyooka yenyewe." Basi leo naandika, liwalo na liwe.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, nanunua ufuta na alizeti vijijini. Mwanangu wa tatu alizaliwa na miguu kifundo, yote miwili. Kwa asiyejua, nyayo zinatazamana kama zinataka kupigana makofi, kisigino kimepanda juu, na ukiuvuta mguu ukae sawa, ukiuachia unarudi ulikotoka. Mkunga alisema atanyooka akianza kusimama. Mama yangu akaanza kuchua kwa samli ya moto, asubuhi na jioni. Mtaani nao wakaja na lao, kwamba mke wangu alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Miezi mitano ikaenda hivyo.

Aliyetustua ni fundi baiskeli wa jirani, mwenyewe anatembelea magongo tangu utotoni kwa sababu ya polio. Aliniambia, "Nenda kule kwa masista. Mimi nilichelewa, huyu wako bado laini."

Jina la kituo sitaji, nisionekane napiga debe. Ni cha kanisa, kina masista wawili watatu, wataalamu wa mazoezi tiba, karakana ya viatu na magongo, na vyumba vya akina mama kulala. Wanapokea watoto na watu wazima. Kwa kweli nilikwenda na shaka zangu. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: watambatiza huyu. Kufika pale mapokezi, sista na daftari lake, "Jina la baba?" Mdomo ukasema, "Daudi." Jina langu ni Jumanne, wakuu. Hata sijui Daudi alitokea wapi. Nadhani niliona ni jina la kwetu na la kwao, nitakuwa sijadanganya sana.

Kuhusu ubatizo: hakuna aliyeuliza. Asubuhi wanasali na kuimba kabla ya kazi, anayetaka anakaa, asiyetaka anaendelea kufua nepi. Siku wakipika mbuzi, anachinja mlinzi wa getini, Mwislamu, ili wote wale. Nilichobatizwa nacho mimi ni gharama za nauli. Hogo lenyewe, yaani ile bandeji ya plasta inayokauka ikawa ngumu, tulichangia kidogo, aliyekosa aliandikwa deni na kutibiwa.

Walimfunga mahogo sita, kila wiki moja jipya, kuanzia kwenye paja hadi vidoleni. Kila Jumanne alfajiri utakuta akina mama wamepanga mabeseni uani, miguu ya watoto imelowekwa, wanafungua hogo la zamani taratibu kama mtu anayemenya muwa. Kisha mtaalamu anaukanda mguu, anausogeza kidogo tu, anafunga lingine. Mwisho wakachanja mshipa wa nyuma ya kisigino, kitundu kidogo, wakafunga hogo la wiki tatu. Lilipotoka, wallahi, nyayo za mwanangu zilikanyaga sakafu. Mke wangu alilia. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Tukapewa viatu vyenye chuma katikati. Masharti: miezi mitatu avae saa 23 kwa siku, avuliwe kuoga tu. Baada ya hapo avae usiku na akilala mchana, mpaka miaka minne au mitano. Nikasaini. Siku ya pili nikaondoka, msimu wa ufuta.

Nyumbani mtoto akalia usiku kucha. Majirani: mnamtesa malaika wa Mungu. Mama yangu akawa anavivua akishalala, anavirudisha kabla mke wangu hajaamka. Baadaye mke wangu naye akachoka, mtoto mgongoni, jembe mkononi, hana wa kumpokea. Mimi nikipiga simu, "Vipi viatu?" "Anavaa." Basi, naendelea na gunia zangu. Niliporudi baada ya miezi minne, kisigino kilikuwa kimeanza kupanda tena.

Tukarudi kituoni. Nilidhani watamgombeza mke wangu. Yule mtaalamu wa mazoezi hakumtazama hata kidogo. Alifungua faili, akaweka kidole kwenye sahihi, akasema, "Daudi, huyu mama hakusaini. Umesaini wewe."

Ilibidi tuanze tena, mahogo matatu zaidi. Sasa bwana mdogo ana miaka mitatu na nusu, anakimbiza kuku. Viatu bado anavaa usiku na namvalisha mimi. Swali langu kwenu: waliopita kwenye vituo hivi, kwenu iliishia wapi? Maana naona tunasifu au kulaumu kituo, na kazi yenyewe kumbe iko chumbani saa nne usiku.

Kinuwasi

Naweka kambi hapa. Daudi, nimecheka mpaka mke wangu kauliza kuna nini.

Fundi Viungo

Mkuu, asante sana kwa uzi. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, nimefanya kazi hospitali ya serikali na sasa niko kwenye kituo cha kanisa, siyo hicho chako.

Njia waliyotumia inaitwa Ponseti. Ni jina la Dkt. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca, Hispania, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Alianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini wenzake wakaendelea kupasua miguu ya watoto kwa miongo kadhaa. Ilikuja kukubalika kwa upana kuanzia miaka ya 1990, naye akafariki 2009 akiwa ameshaona dunia imemrudia. Uzuri wake ni kwamba haihitaji chumba kikubwa cha upasuaji. Inahitaji mikono iliyofunzwa, bandeji ya plasta na subira. Ndiyo maana vituo vidogo vya misheni vinaimudu.

Mtoto mmoja kati ya takriban 1,000 anazaliwa hivi. Si laana, si kucheka mtu, si kupatwa kwa mwezi. Kuchua kwa samli hakunyooshi na wiki zinapotea. Ukimleta katika wiki za kwanza ni vizuri zaidi, ila hata wa miaka miwili mitatu mleteni, bado tunafanya kazi.

Niongeze jambo moja: hogo lilowekwe asubuhi ileile ya kliniki, tena ukiwa umeshafika. Kuna wanaolitoa usiku nyumbani ili kuwahi foleni. Mguu ukikaa wazi usiku kucha unarudi nyuma, unakuta wiki nzima tunarudia kazi ya wiki iliyopita.

Na hilo la viatu, andikeni ukutani. Mguu ukirudi kupinda baada ya Ponseti kufanywa sawasawa, sababu inayoongoza ni viatu kuachwa. Mtoto analia siku tatu nne za mwanzo, halafu anazoea. Akiona vinavuliwa akilia, ameshajua dawa yenu. Pia kagueni ngozi: kama kisigino kinachubuka au kinachomoka, basi kiatu hakijafungwa vizuri, rudini tukirekebishe. Msikivue tu mkanyamaza.

Mama Wawili

"Nikipiga simu, vipi viatu? Anavaa." Huyo ni mume wangu mtupu. Wangu ana utindio wa ubongo, miaka sita sasa. Kituoni walinifundisha namna ya kumkalisha, kumlisha asipaliwe, kumnyoosha misuli asubuhi na jioni. Kila zoezi naonyeshwa mimi. Mazoezi ya wiki mbili pale tulikuwa akina mama zaidi ya ishirini na baba mmoja, na huyo baba mke wake alikuwa amefariki.

Kigutu

Mimi ni mtu mzima, nilipoteza mguu chini ya goti kwenye ajali ya bodaboda. Watu wakisikia vituo vya kanisa wanadhani ni watoto tu. Miezi miwili ya kwanza sikupewa mguu wowote, nilipewa bandeji. Kazi ikawa kufunga kigutu kila siku kisinyae na kupata umbo, maana ukipimwa mguu bandia kigutu kikiwa kimevimba, baada ya muda unacheza ndani kama mchi kwenye kinu. Nilikasirika sana. Nilitaka mguu, wananipa kitambaa!

Mguu wangu ulitengenezwa na kijana aliyesoma TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko Moshi, pale hospitali ya KCMC. Kile chuo kilianza 1981 na kimesomesha mafundi wa viungo bandia wa nchi nyingi za Afrika, siyo Tanzania tu. Na KCMC yenyewe, wasiojua, ina mizizi ya makanisa, chini ya Shirika la Msamaria Mwema.

Nasema na hili bila kuficha: nilipigwa picha. Mguu wa kwanza, kicheko, magongo yametupwa pembeni. Picha ikawekwa kwenye kalenda ya wafadhili. Nilisaini ndiyo. Kalenda yenyewe sikupewa.

Nyuki wa Singida

Mtanisamehe, mimi naleta upande mwingine.

Nina polio. Mwaka 1979 nikiwa na miaka sita nilichukuliwa na wamisionari kwenda kituo cha mbali, mkoa mwingine kabisa. Walinifanyia upasuaji wa magoti yaliyojikunja, wakanipa kalipa, vyuma na ngozi vya kushikilia miguu, wakanisomesha. Nilitambaa kwenda, nikarudi nimesimama. Hilo sitalifuta mpaka naingia kaburini.

Ila nilirudi 1986. Miaka saba! Likizo ndefu wengine walikwenda kwao, sisi wa mbali tulibaki tukifyeka majani. Nilipofika nyumbani bibi alinisemesha Kinyiramba nikamjibu Kiswahili. Wadogo zangu waliniita mgeni, mmoja alinipisha kiti. Kijiji hakina njia ya kupita mtu wa kalipa, choo ni cha kuchuchumaa, shule ya sekondari iko mlimani. Yaani mimi nilitengenezwa, kwetu hapakutengenezwa.

Baadaye nikiwa kazini nilisoma kwamba baada ya mkutano wa afya ya msingi wa Alma-Ata wa 1978 Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza utengamao katika jamii: mtaalamu amfuate mtu kwake, afundishe familia, apime mlango na choo. Nilijiuliza kwa nini mimi nilipitwa na hilo gari. Kwa hiyo Bwana Kolo, swali lako la kazi iko chumbani mimi nalijibu kwa miaka saba.

Fundi Viungo

Mzee wangu, shikamoo. Ulichosema ni kweli na ndani ya vituo tunakisema, ingawa kwa sauti ndogo. Siku hizi wengi tunajaribu kukaa na mtoto wiki chache tu na mzazi wake, kisha tunamfuata kwa pikipiki. Shida ni kwamba mfadhili anapenda kujenga bweni. Bweni linawekwa jiwe la msingi na kibao cha jina. Mafuta ya pikipiki hayawekewi kibao.

Hoja Nzito

Samahani wadau, mnazunguka. Serikali iko wapi? Kwa nini mlemavu wa nchi huru amtegemee sista?

Nyuki wa Singida

Sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na mwaka mmoja kabla yake Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Sheria inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Hesabu ofisini kwako kesho, kisha uje utuambie.

Hoja Nzito

Tuko 64. Nimehesabu, sifuri. Naomba nirudi kimya.

Mtu wa Ngarenanyuki

Uzi umenigusa pabaya. Sisi wa huku chini ya Mlima Meru tatizo letu ni maji. Ardhi ni ya volkano, maji yana madini ya floraidi kupita kiasi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, huku kwetu kuna chemchemi zinazokizidi mara nyingi. Mnatutania meno ya kahawia, lakini meno ni salamu tu. Kwa watoto wengine mifupa inaharibika, miguu inatanuka matege au magoti yanagongana, wengine hawawezi kutembea kwenda shule.

Mdogo wangu alinyooshwa miguu. Walikata mfupa, wakaupanga, akakaa na hogo, akakaa kituoni mpaka apone, kwa sababu nyumbani vumbi na ng'ombe wangeharibu kidonda. Alirudi amenyooka kama mstari. Akarudi kwenye ndoo ileile. Na magadi, wakuu! Mama zetu hawaivishi maharage bila magadi, na magadi nayo yana floraidi.

Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi kwenye maji, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Chujio linafanya kazi, ila mkaa unachoka, lazima ubadilishwe. Kwetu lilikaa pale jikoni mwaka mzima tukijua tunachuja, kumbe tunapitisha tu. Sasa tunavuna maji ya mvua ya kunywa na kupikia watoto.

Mama Wawili

Kwa hiyo kila mtu hapa alinyooshwa kule na kupindwa nyumbani. Haya.

Wa Kinangop

Habari zenu majirani. Huku Kenya hilo hogo tunaliita plasta. Mtoto wa dadangu alitibiwa Kijabe, ile hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa 1998 karibu na hospitali ya zamani ya misheni ya kanisa la AIC. Wao wako wazi kabisa kuhusu dini, kuna kasisi wodini anapita kitanda hadi kitanda. Dadangu si mtu wa kanisa, alimwambia asante leo sijisikii, akapita. Kitu kilichotusaidia ni kliniki zao za kuzunguka, wanakuja kaunti mbalimbali kwa siku maalum. Bila hiyo angeacha, manake nauli ya kila wiki na ana watoto wengine, wacha tu.

Kwa mgongo wazi na kichwa kikubwa watu wa magharibi kwetu huvuka mpaka kwenda Mbale, Uganda. Huko pia ni CURE.

Kivu Yetu

Nilizaliwa Goma, niko Kigali sasa. Hapa kila mtu anajua Gatagara, kituo cha watu wenye ulemavu. Padri mmoja Mbelgiji, Joseph Fraipont, aliianzisha 1960. Wanyarwanda walimpa jina Ndagijimana na ndilo lililobaki. Kulikuwa na watoto wanaofichwa ndani ya nyumba, yeye akawapa shule na karakana. Leo wanatengeneza miguu bandia, kuna madaktari wa mifupa, na wana matawi mengine. Mjomba wangu alipata kalipa yake huko. Alikuwa anasema sala hakuzikumbuka, lakini alikumbuka kwamba siku ya kwanza walimpa kiti mezani, na nyumbani alikuwa anakula akiwa chini.

Msomaji Kimya

Nimejiunga leo ili niandike hapa. Mimi ndiye binti mwenye picha ya kundi la familia. Mjomba, kumbe ndiyo wewe. Mtoto ana siku 19. Baba yake anasema tusubiri mavuno. Bibi ameshachemsha samli. Naogopa na sijui naanzia wapi.

Fundi Viungo

Dada, usisubiri mavuno, usisubiri hata mwezi uishe. Nenda hospitali ya wilaya, sema "miguu kifundo", uliza kliniki ya karibu. Ukiwa Dar es Salaam ni hospitali ya CCBRT Msasani, kaskazini ni KCMC. Samli mpe bibi apikie pilau.

Bwana Kolo

Mwanangu, nimekupigia mara tatu hujapokea. Nakuja Jumatatu, Jumanne tunakwenda wote. Mume wako naye nimeongea naye, anakuja, mavuno yana ndugu zake wanne. Ataingia ndani ya chumba cha hogo, hatakaa chini ya mwembe kama nilivyokaa mimi.

Beba haya: beseni la kwako, la pale yanagombewa. Nepi nyingi, maana hogo la kwanza lazima alikojolee, usiogope, futa kwa kitambaa kikavu. Mnyonyeshe wakati wanafunga, mtoto akinyonya analegea. Ukifika nyumbani angalia vidole kila baada ya muda. Vikiwa vya baridi au vya bluu, au havionekani tena, rudi siku hiyohiyo. Suruali za kubana acha, tafuta gauni hata kama ni wa kiume. Na bibi aje pia kliniki ya kwanza. Mama yangu tulimwacha nyumbani, na hilo ndilo lilikuwa kosa: viatu vilikuwa kitu cha wageni kwake, hakuna aliyemweleza. Safari ya pili alikuja, yule mtaalamu akamshikisha mguu, akamwonyesha kisigino kinavyopanda. Toka siku hiyo ukivua dakika tano kabla ya muda, unagombana naye.

Msomaji Kimya

Ahsante mjomba. Nimepokea sasa, simu ilikuwa chaji. Na kwenye daftari mume wangu aandikishe jina gani?

Kinuwasi

Suleimani.

Bwana Kolo

La kwake mwenyewe. Mimi hadi leo yule sista akinipigia kukumbusha kliniki anasema, "Baba Daudi, Jumanne usisahau," na mimi najibu, "Naam, Jumanne yupo."